Naomba ushauri: roboti "amelia" au "imelia"?

Habari zenu ndugu. Naandika hadithi ya kuchekesha kwa watoto wa darasa la pili, kuhusu Mwanaidi na kaka yake roboti. Roboti huchukua kila neno lilivyo: mama akisema "piga pasi", anaizaba pasi kofi, akiambiwa apige deki, anaicharaza sakafu kwa fagio. Binti yangu alicheka mpaka akapaliwa na uji.

Kinachonisumbua ni ngeli. Sungura na Fisi wa ngano zetu ni A-WA, hilo halina ubishi. Roboti je? Nataka Mwanaidi aanze na "imelia", kisha siku anapomkubali kuwa ndugu aseme "amelia". Mtoto atalinasa badiliko hilo, au ataona nimekosea sarufi? Walimu na wazazi, naombeni mawazo yenu.