Huyu baba wa matembezi ya muvi kaniita BIBI mbele ya watu, nimechoka naye!!

Wakuu, ndo nimeshuka kwenye basi sasa hivi, viatu bado vina mchanga wa Kolo, kule Kondoa kwenye michoro ya mwambani, nisipoandika leo nitapasuka. Huyu baba mnamjua, sina haja ya kumtaja, kila mwenye simu hapa Dodoma kashaona matangazo yake ya "tembea palipochezwa muvi", yule mwenye kofia ya kaki na filimbi shingoni kama refa wa ndondo. Leo kaniambia, mbele ya watu 23, "bibi, kaa hapo kwenye jiwe utulindie mabegi." Bibi! Nina miaka 41, mwanangu mkubwa yuko form two.

Nimelipa 45,000. Tukaambiwa tuwe Nyerere Square saa kumi na moja alfajiri, yeye kaja saa moja anatafuna muwa. Tangazo linasema chakula kipo, chakula chenyewe andazi moja, gumu ungeweza kujengea msingi wa nyumba. Hayo yote nikameza. Tumefika Kolo, tukavuka ule mto wa mchanga, tukaanza kupanda, na mandhari sitasema uongo, yale mabonde ya Kondoa yakitandazwa chini yako hivi unasahau hata njaa. Ndipo bwana mkubwa anapuliza filimbi, anapanda juu ya jiwe, anatangaza kwamba hapo hapo tuliposimama ndipo yule mwigizaji John Wayne alipomkimbiza kifaru kwenye Hatari, ile filamu ya wazungu wanaokamata wanyama pori! Watu wanapiga makofi! Kuna dada akainama na kuweka kidole puani awe kifaru, apigwe picha!

Jamani. Ile filamu imenilea. Marehemu baba alikuwa kijana mdogo Usa River enzi hizo, 1960 kwenda 1961, uhuru bado, magari ya wale wazungu akiyaona kwa macho yake yakipandisha Momella. Ametuhadithia mpaka tunajua kwa kichwa: kiti kimefungwa mbele ya gari pale kwenye bampa, mtu anakaa hapo na mti mrefu wenye kitanzi, gari linakata mbuga mbio mnyama yuko pembeni anatimua vumbi, anavishwa kitanzi shingoni. Na waigizaji walikuwa humo humo wenyewe. Sasa hapo Kolo ni mawe juu ya mawe, mbuzi mwenyewe anapita anaomba dua, hilo gari la kukimbiza kifaru lingepita wapi? Angani?

Nikamwambia kwa adabu kabisa, "samahani kaka, hiyo filamu lokesheni yake ni Momella kule Arusha, hapa tumefuata michoro." Kaka nimemwita mimi! Akanitazama toka miguuni mpaka kwenye mtandio, akawageukia wenzake, akacheka, akasema bibi kaa hapo kwenye jiwe utulindie mabegi. Na watu wakacheka. Na watu wakaanza kuniwekea mabegi! Mmoja mmoja, "shikamoo bibi, na langu hili." Mabegi 23 wakuu. Moja lina chupa ya chai inavuja kwenye sketi yangu, jingine lina simu ndani inalia alamu ya kaswida kila baada ya dakika tano na zipu imekufa, tumbili juu ya mti ananihesabu.

Dakika 80 nimekaa pale. Michoro sijaiona. Miaka nasikia habari za wale watu wekundu warefu wembamba waliochorwa mwambani, nimefika mpaka chini yake kabisa, nimekomea kuona mabegi. Wamerudi wananionyesha kwenye simu. "Bibi angalia, hii twiga." BIBI ANGALIA!

Hela yangu sitaki. Nataka aniombe radhi mbele ya wale wale 23.

Zabibu Mbichi: Huyo huyo wa filimbi! Mwezi uliopita katupeleka kwenye yale mawe huku mjini, anasema ndipo ilipochezwa muvi ya Tarzan. Nikamuuliza Tarzan gani, akasema "yule mwenyewe".

Kijana wa Nkuhungu: Mama mbona ulikaa sasa? Angeniambia mimi ningeyaacha mabegi na huyo tumbili.

MLETA UZI: @Kijana wa Nkuhungu simu yangu ilikuwa ndani ya begi langu na sikujua liko wapi, mtu kalifukia chini ya hayo mengine! Na usiniite mama kwa sauti hiyo.

Fundi Bomba Ipagala: Shikamoo bibi 😂😂

Kondoa Kwetu: Mimi ni mzaliwa wa huku na hii imeniuma. Pale ni urithi wa dunia tangu 2006, ofisi ya Mambo ya Kale ipo pale pale Kolo, unajiandikisha, unapewa mtu anayeijua michoro, anakueleza ile myekundu na ile myeupe iliyokuja baadaye. Bi. Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili 1951, hao wa filamu walikuwa hata hawajafikiria kupanda meli. Na pale Mungomi, kwenye hayo hayo mawe ya michoro, wazee wanatambikia mpaka leo, halafu mtu anakwenda kupuliza filimbi? Dada njoo siku nyingine, ukifika Kolo uliza tu, utapanda mpaka juu.

MLETA UZI: @Kondoa Kwetu wewe peke yako umeniita dada humu ndani. Mungu akubariki. Ile "bibi" bado inanilia sikioni kama ile alamu.

Mlevi wa Muvi: Afadhali wewe umepigwa 45,000. Mie nilienda Arusha kabisa kufuata hiyo hiyo Hatari, nimejibana miezi mitatu, jamaa kanishusha kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe ananiambia ndo maziwa ya Momella. Nauliza flamingo wako wapi, ananiambia leo Jumapili.

Kijana wa Nkuhungu: Leo Jumapili 😭😭😭 nimemwaga chai

Mama Wawili Kisasa: Nyie mnalalamikia muvi, mie niliuziwa "matembezi ya mashamba ya zabibu na kuonja", nimetembea juani toka saa nne mpaka saa nane, kuonja kwenyewe zabibu nne. NNE. Nikiomba ya tano naambiwa hiyo ni oda.

Fundi Bomba Ipagala: Zabibu nne ni salamu tu hizo. Mimi Jumamosi nimeagiza kilo ya mbuzi mnadani, imekuja mifupa mitupu, nikadhani wameniletea mbuzi wa maabara.

Zabibu Mbichi: Ulichomewa na nani? Usije ukawa na yule wa aproni ya bluu.

Fundi Bomba Ipagala: Huyo huyo!!!

Mama Wawili Kisasa: Wa aproni ya bluu ni shemeji yangu na hana hiyo tabia, we ulienda jioni nyama imeisha.

MLETA UZI: Jamani mada ni yule baba. Kaniita bibi. Mabegi 23.

Kijana wa Nkuhungu: @Mama Wawili Kisasa sasa shemeji anaanza kuchoma saa ngapi? Msalato au ule mwingine?

Mama Wawili Kisasa: Msalato. Saa nne uwe umefika, ulizia mbavu.