Wenye BYD Atto 3 njooni: inafaa watoto watatu na mama mwenye magoti yanayouma?

BabaWatatu_Mbezi

Wakuu habari za jioni. Nataka kuuza Rav4 yetu ya zamani, ile mtaani wanaiita Kilitaimu, nihamie kwenye gari la umeme na macho yangu yako kwa hii Atto 3 ya Mchina, ya betri kubwa. Jumamosi nimeenda kuikalia kwa jamaa mmoja nikarudi nimechanganyikiwa maana ndani imechorwa kama jimu, matundu ya AC kama dambeli, mfuko wa mlangoni umefungwa nyuzi nyekundu kama za gitaa na ukizigusa zinalia kweli, binti yangu wa miaka sita hakutaka kushuka. Skrini nayo unabonyeza kitufe inajigeuza, imelala mara imesimama. Vyote vizuri ila mimi nina watoto watatu na mama mzazi magoti yanamsumbua, kliniki kila mwezi nampeleka mwenyewe. Mnaoishi nayo niambieni ukweli, nyuma watatu wanakaa? Buti je? Matuta ya mtaani haigusi tumbo? Na mama atapanda bila kuumia?

Mzenji_Leicester

Waalaikum kaka. Mie nnayo huku Uingereza mwaka wa pili sasa na wanangu ni watatu vile vile. Nyuma wanakaa, na sababu ni kwamba gari lenyewe si refu, milimita 4455, lakini toka tairi la mbele mpaka la nyuma ni 2720, magurudumu yamesukumwa pembeni kabisa kwa vile injini kubwa hakuna na betri imelazwa chini ya sakafu. Kwa hivo sakafu ya nyuma ni sawasawa kama sebuleni, hakuna lile tuta la katikati, wa kati anaweka miguu yake bila kugombana na wenzake. Mie huwa naangalia hapo kwanza kabla sijaangalia skrini.

Umbo la nje nalipenda kwa utulivu wake. Mkuu wa wachoraji wa BYD ni Wolfgang Egger, Mjerumani aliyepitia Alfa Romeo na Audi, na nje unaliona hilo, mistari michache, taa za nyuma zimeunganishwa kwa mstari mmoja. Kama unapata ya mwanzo mwanzo utakuta nyuma wameandika Build Your Dreams kwa urefu, za baadae wakafupisha ikawa BYD tu, mke wangu alisubiri hiyo ya baadae makusudi.

Buti lita 440, ukilaza viti 1340. Kigari cha mtoto na masanduku mawili vinaingia. Lakini funua kile kibao cha chini uone mwenyewe, huku kwetu zinakuja bila spea, unapewa pampu na dawa ya kuziba tu. Kwa barabara za nyumbani mie nisingetoka na hiyo peke yake, tafuta tairi jembamba la dharura na jeki kabla hujaanza safari ndefu.

MkaziWaNyali

Mimi niko Mombasa, nitakujibu ya joto na bampu. Chini ina milimita 175 ikiwa tupu, sasa ukijaza watu watano na mizigo inashuka kidogo, kwa hivyo bampu zile wananchi wamejijengea wenyewe unapita pole pole na kwa pembe. Kilitaimu yako ilikuwa juu zaidi, utaisikia tofauti wiki ya kwanza. Kwa lami na marram iliyochongwa haina neno. Maji pia, betri imezibwa vizuri lakini usije ukaipeleka kwenye mafuriko eti kwa sababu haina egzosi.

Joto sasa. Paa ni kioo karibu lote, lina pazia la umeme, hilo pazia lifunge ukiegesha juani. Kitu ninachokipenda kupita vyote ni kwamba unawasha AC kwa simu ukiwa bado ndani ya nyumba, gari linapoa bila moshi wala mngurumo, watoto wakiingia viti haviwachomi mapaja.

Kwa kitabu inakwenda kilomita 420. Mimi na AC siku nzima nahesabu 350 na sijawahi kuaibika, Malindi naenda na kurudi kwa chaji moja. Stima nachaji usiku, kuna bei ya magari ya umeme Kenya, ilianza 2023 kwa shilingi 8 kwa uniti kuanzia saa nne usiku na 16 mchana kabla ya kodi na tozo, ila lazima uwe na mita yake mbali.

fundi_umeme_tabata

Mkuu hapa Dar piga hesabu hivi, betri ni uniti 60 na ushee, uniti ya Luku ya nyumba ya kawaida ni 356 hivi, ongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, unakuta elfu 23 au 24 umejaza. Linganisha na unachoweka sheli sasa hivi.

Ila nakuomba sana usichaji kwa ekstensheni ya dirishani, nimeshaona soketi iliyoyeyuka kabisa. Vuta waya wake peke yake kutoka kwenye DB (lile boksi la breka za nyumba), milimita za mraba 6 na kama umbali ni mkubwa weka 10, breka yake, kifaa cha kukata umeme ukivuja, na ethi ipimwe sio kuchomeka tu nondo ardhini. Chaja ya kilowati 7 inajaza kwa saa tisa mpaka kumi, unalala unaamka imejaa. Betri hii ni LFP, yaani lithiamu ya chuma na fosfeti, haina nikeli wala kobalti, haiogopi kujazwa mpaka mia. Na umeme ukikatika unachomeka adapta yake kwenye gari, friji na feni zinaendelea.

Lingine, angalia usiuziwe Yuan Plus ukaambiwa ni Atto 3. Bodi ni ile ile ila ya soko la China usukani uko kushoto, menyu Kichina na tundu la kuchajia ni GB/T, la kiwango cha China, hizi za usukani wa kulia zina CCS2, la kiwango cha Ulaya.

BabaWatatu_Mbezi

Fundi umeniokoa, niliyoonyeshwa jana mtandaoni usukani ulikuwa kushoto kweli na bei ilikuwa ya kuvutia mno. Sasa mama?

MkaziWaNyali

Samahani nilisahau la muhimu. Babangu ana miaka 74 na goti moja alifanyiwa upasuaji. Kiti kiko usawa wa makalio, haji chini kama kwenye gari dogo la chini wala hapandi kama Prado, anageuza mgongo, anakaa, ndipo anaingiza mguu mmoja mmoja. Mkalishe mbele na usogeze kiti nyuma mpaka mwisho kabla hajafika mlangoni. Kinachompa shida ni kitasa cha ndani, kimekaa juu ya spika na unakishika kama mpini ndipo ukivute, vidole vyake havikielewi. Mimi huzunguka nikamfungulia. Mpeleke mamako akaikalie kabla hujalipa, ashuke na kupanda mara tatu.