Huyu aliyesimama nyuma ya mama yake bibi ni nani?

Kitukuu: Wanajukwaa, naomba msaada. Bibi yangu ana miaka 90 na amenikabidhi bahasha ya picha za wazazi wake. Moja inaninyima usingizi: mama yake, bado msichana, ameketi kitini, na nyuma yake amesimama mwanamume aliyemwekea mkono begani. Si mumewe. Bibi ni kitindamimba, wengi waliondoka kabla hajapata akili, na kila nikimuuliza "huyu nani?" anasema hajui, kisha ananyong'onyea. Nyuma kuna kisanduku cha stempu chenye neno AZO na pembetatu nne.

Mzee wa Studio: AZO ni chapa ya karatasi ya picha. Pembetatu zote nne zikitazama juu, karatasi hiyo ni ya kati ya 1904 na 1918. Huo ni umri wa karatasi, mwanangu. Picha yaweza kuwa imesafishwa baadaye kidogo. Zima taa, laza tochi ubavuni mwa picha mpaka mwanga uikwaruze. Penseli ikifutika huacha mfereji. Usilowanishe chochote!

Mama Kumbukumbu: Acha kumuuliza "huyu nani". Kwa mzee huo ni mtihani. Anza na picha anayoijua, umwache asimulie, halafu isogeze hii kando yake. Nawe linganisha masikio, maana ndevu na unene hubadilika lakini mikunjo ya sikio hubaki ileile. Tazama pia viti na mapazia.

Kitukuu: Shikamooni, nimerudi. Tochi haikutoa kitu. Kiti ndicho kilichosema! Mkono wake wa kushoto una nakshi iliyobanduka kipande, kama kidole gumba. Nimeikuta nakshi hiyohiyo kwenye picha nyingine, na mwanamume yuleyule, ndewe za masikio zimeshikana na shavu vilevile, yuko na wavulana wawili. Nikamwekea bibi hiyo bila kuuliza neno. Akagusa wavulana: "Hawa binamu za mama, watoto wa mjomba wake. Huyu mdogo alikuwa akinibeba." Alisimulia mpaka chai ikapoa.

Mzee wa Studio: Marahaba. Andika sasa hivi, kwa penseli laini, pembeni nyuma. Wino wa kalamu hupenya hadi usoni.

Kitukuu: Nimeandika: "Labda mjomba, baba wa wavulana wawili." Majina ya wavulana ninayo. La kwake bado.