Ulinganisho: spiriti, vitakasa mikono, sabuni, Jik au boksi la mwanga kwa kusafishia simu za kazini

WakalaTanga

Habari za leo, wanajukwaa. Ninaendesha kibanda cha uwakala wa pesa hapa Tanga, na mezani kwangu kuna simu janja mbili pamoja na viswaswadu viwili vya batani, ambavyo ndivyo vinavyobeba kazi kubwa ya kuweka na kutoa pesa tangu asubuhi hadi jioni. Noti inapita mkononi, kidole kile kile kinabonyeza batani, na wateja wakizidi hata nafasi ya kunawa kabla ya chakula cha mchana inakuwa ya kutafuta. Ningependa kuzisafisha simu hizi kila siku kwa njia inayoua vijidudu kweli bila kuharibu kioo wala kuingiza maji ndani.

Ushauri niliopewa mtaani unapingana. Mmoja anasema nipake kitakasa mikono, mwingine spiriti ya duka la dawa, mwingine maji ya sabuni, mwingine Jik iliyochanganywa na maji, na kijana anayeuza vifaa vya simu ananishawishi ninunue boksi la mwanga wa urujuanimno (UV). Naomba tuzilinganishe njia hizi kwa vigezo vitatu: uwezo wa kuua vijidudu, usalama wa simu, na gharama kwa mtu wa kipato changu.

FundiSimu_Mwanza

Ndugu Wakala, kabla ya kulinganisha ni vizuri tutenganishe kazi mbili ambazo watu huzichanganya, yaani kuondoa uchafu na kuua vijidudu. Simu yenye utando wa mafuta ya vidole, jasho na vumbi haitakasiki kwa kumwagiwa dawa juu ya utando huo, kwa sababu dawa inaishia kwenye uchafu. Futa kwanza, kisha takasa.

Kuhusu kitakasa mikono cha jeli, mimi nakiweka chini kabisa kwa upande wa usalama wa simu. Jeli ina vitu vya kuifanya iwe nzito na ina gliserini ya kulainisha ngozi, na vitu hivyo haviruki pamoja na alkoholi. Vinabaki kwenye kingo za kioo na kwenye wavu wa spika ya sikioni, vinanasa vumbi, na baada ya muda mteja ananiletea simu akilalamika kwamba sauti imefifia, kumbe wavu umeziba kwa tope gumu la kijivu ambalo hulazimika kutolewa kwa brashi na uvumilivu.

Jambo la pili ni kioo chenyewe. Simu janja nyingi za leo zina tabaka jembamba sana juu ya kioo linalozuia mafuta ya vidole yasigande. Tabaka hilo hupungua lenyewe kwa matumizi ya kawaida, lakini hupungua haraka zaidi likisuguliwa kwa kitambaa kigumu, dawa ya meno, unga wa kusugulia sufuria au dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia. Tumia kitambaa laini cha aina ile inayokuja na miwani. Tishu za chooni ziache, kwani zinakwaruza na kuacha nyuzi. Na kama simu ina protekta ya kioo juu, basi msuguano unaipata protekta, na hiyo ni gharama ndogo kuliko kubadilisha kioo.

Maabara_Eldoret

Naunga mkono alichosema fundi, na ninaongeza upande wa kemia kwa sababu ndipo ulinganisho huu unapoamuliwa.

Kati ya njia zote zilizotajwa, alkoholi ya asilimia 70 ndiyo yenye uwiano bora. Watu wengi hudhani kwamba alkoholi ya asilimia 99 ni kali zaidi na kwa hiyo inaua zaidi, jambo ambalo si kweli kwa vijidudu. Alkoholi huua kwa kuvuruga protini za kijidudu na kuyeyusha utando wake wa mafuta, na ili protini zivurugike vizuri panahitajika maji. Alkoholi isiyo na maji hugandisha sehemu ya nje ya seli na kuruka upesi kabla haijamaliza kazi. Mafundi wanaipenda ile ya asilimia 99 kwa sababu wanasafishia bodi ya ndani ya simu, ambako maji ndiyo adui, na huko wana haki kabisa. Juu ya kioo tunataka unyevu ukae takriban dakika moja.

Kampuni ya Apple ilikuwa ikiwaonya wateja wake dhidi ya dawa za kuua vijidudu, lakini mwezi Machi 2020, korona ilipoenea, ilibadilisha maelekezo yake na kuruhusu vitambaa vyenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 kwenye sehemu ngumu za nje, kwa kupangusa taratibu. Samsung nayo imeruhusu alkoholi iliyotiwa kwenye kitambaa laini, bila kunyunyiza moja kwa moja juu ya simu.

Kuhusu Jik, nakataa moja kwa moja. Nimewahi kusikia hoja kwamba Samsung inaruhusu dawa ya klorini, na hoja hiyo inatokana na kutosoma vizuri. Kilichotajwa ni asidi ya hipoklorasi ya kiwango cha sehemu 50 hadi 80 kwa milioni. Jik ya dukani ni hipokloriti ya sodiamu ya takriban asilimia 3.5, yaani kama sehemu 35,000 kwa milioni, ni kemikali tofauti, na ikikauka inaacha chumvi. Chumvi hiyo kwenye pini za tundu la chaji ni mwanzo wa kutu. Ukiongeza siki ili "iwe na nguvu", kama wanavyoelekezana watu kwenye video, unatengeneza gesi ya klorini ndani ya kibanda kisicho na dirisha.

BintMalindi

Samahanini, naona sabuni imesahaulika. Simu yangu ina kiwango cha IP68 cha kuzuia maji, na mimi huiosha bombani kwa maji na sabuni ya kunawia kama ninavyoosha kikombe, na inafanya kazi vizuri. Sabuni si inayeyusha ule ule utando wa mafuta wa virusi? Kwa nini tununue spiriti?

FundiSimu_Mwanza

Dada wa Malindi, kuhusu sabuni kuvunja utando wa virusi uko sahihi, na kwa kuondoa uchafu sabuni inaishinda alkoholi. Hofu yangu ni bomba.

Kiwango cha IP67 maana yake simu imejaribiwa kuzama mita 1 kwa dakika 30, na IP68 inavuka hapo kwa kina ambacho mtengenezaji mwenyewe anakitaja. Majaribio hayo hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa simu mpya iliyotulia, wala si kwa maji ya sabuni yanayotoka bombani kwa kasi. Sabuni hupunguza mvutano wa uso wa maji, ndiyo maana maji yenye sabuni hupenya mahali ambapo maji matupu yangesimama. Mipira na gundi ya kuzuia maji huchoka kwa joto, kwa kuanguka na kwa miaka. Kama simu imewahi kufunguliwa ili kubadilishiwa kioo au betri, ile gundi ya kiwandani imeshaondoka, na mafundi wengi hurudishia gundi ya B-7000, ambayo inashika kioo vizuri lakini haikurudishii kinga iliyopimwa kiwandani. Kuna kibandiko kidogo ndani ya tundu la laini kinachogeuka rangi kuwa chekundu kikipata maji, na kikishageuka, mtengenezaji haendelei na mazungumzo ya dhamana.

Kwa hiyo sabuni ipewe nafasi yake hivi: tone moja la sabuni laini ya maji kwenye bakuli, kitambaa kichovywe na kukamuliwa mpaka kisidondoshe, simu ipanguswe, kisha ipitishwe kitambaa chenye maji matupu na kikavu. Simu ikilowa ndani kwa bahati mbaya, izime, uilete kwa fundi. Usiizike kwenye mchele, kwa sababu mchele hauvuti maji yaliyo chini ya bodi, na vumbi lake la wanga linaingia kwenye tundu la chaji.

Muuguzi_ChakeChake

Assalamu alaykum. Naomba nigusie spiriti, kwa kuwa neno hilo linabeba chupa nyingi tofauti. Spiriti ya upasuaji iliyotengenezwa kwa fomula ya Uingereza ina mafuta ya nyonyo, yaliyowekwa makusudi ili ngozi isikauke. Ukiipaka kwenye kioo unaacha ukungu wa mafuta usioondoka kirahisi. Spiriti ya kuwashia jiko nayo huwa imetiwa methanoli ili isinyweke, na mvuke wake si wa kuvuta siku nzima kibandani. Kaka Wakala, ukifika duka la dawa soma lebo, utafute iliyoandikwa etanoli au isopropili ya asilimia 70 bila nyongeza. Dettol pia naiondoa kwenye orodha, kwa sababu ina mafuta ya msonobari na ukiichanganya na maji inageuka maziwa, kisha maziwa hayo yanakauka kama utando unaonata.

La pili, ambalo naona ni zito kuliko chupa yenyewe, ni mikono. Mwaka 2011 watafiti wa London School of Hygiene & Tropical Medicine na Chuo Kikuu cha Queen Mary walipima simu za watu katika miji ya Uingereza, wakakuta takriban simu 1 kati ya 6 ina bakteria wa kinyesi. Bakteria hao hawakuzaliwa kwenye simu. Wametoka mikononi. Ukiitakasa simu saa mbili asubuhi na kuishika saa mbili na dakika moja kwa mkono uliohesabu noti, umerudi ulipoanzia. Weka ndoo yenye bomba na sabuni nje ya kibanda, wateja pia wataitumia, na kunawa kabla ya kula kusingoje mteja aishe. Simu itakaswe unapofungua, kabla ya chakula, na unapofunga.

VifaaVyaSimu_Mombasa

Nami ninauza maboksi hayo ya mwanga, kwa hiyo mnaweza kuniona kuwa na upande. Faida yake ni kwamba hakuna maji, hakuna kusugua, na mteja wa hospitali anaweza kuweka simu ndani huku akiendelea na kazi. Mwanga wa urujuanimno unatumika kutakasa maji na hewa duniani kote. Si hadithi.

Maabara_Eldoret

Ndugu, hakuna aliyesema ni hadithi. Taa za zebaki zinazotumika kwa kazi hiyo hutoa mawimbi ya nanomita 254, na mawimbi hayo huharibu chembe za urithi za vijidudu. Tatizo ni kwamba hayo maboksi ya bei nafuu mara nyingi yana vitaa vya zambarau vya nanomita 395 hivi, vinavyopendeza macho na kufanya kazi ndogo sana. Pia mwanga huo hauzunguki kona. Kila palipo na kivuli cha kava, mkunjo wa batani au utando wa mafuta, vijidudu vinabaki salama. Boksi halifuti chochote, kwa hiyo kitambaa bado kitahitajika, na aliyekwisha kushika kitambaa chenye alkoholi hana tena haja ya boksi. Na boksi lisilojizima kifuniko kinapofunguliwa ni hatari kwa macho na ngozi. Kwa wodi ya hospitali, kifaa kilichopimwa kina nafasi yake. Kwa kibanda cha uwakala, fedha hiyo inunue spiriti na vitambaa.

WakalaTanga

Nawashukuru sana. Nimeelekea kwenye maji ya sabuni kwa kitambaa kilichokamuliwa wakati wa kufunga, na alkoholi ya asilimia 70 asubuhi na mchana. Yamebaki maswali mawili. Nimepata bei nzuri ya isopropili ya asilimia 99 kwa muuzaji wa vifaa vya mafundi, je, ninaweza kuipunguza mwenyewe? Na viswaswadu vyenye mifereji kati ya batani navifanyaje, kwani kitambaa hakifiki humo?

Maabara_Eldoret

Inawezekana. Chukua vipimo 7 vya isopropili na vipimo 3 vya maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri, na uhakikishe hukuuziwa asidi ya betri, maana chupa zake hukaa rafu moja. Maji ya bomba yana chumvichumvi zinazoacha madoa meupe kwenye kioo. Andika kwa kalamu nzito juu ya chupa kilichomo, kaza kifuniko, na uiweke mbali na jiko na mahali ambapo mtoto anaweza kudhani ni maji ya kunywa.

FundiSimu_Mwanza

Kuhusu viswaswadu, una bahati kwamba nyingi zinafunguka bila zana. Zima, toa kava la nyuma, toa betri na laini. Piga mswaki laini mkavu kwenye mifereji ukiwa umeinamisha simu uso chini ili uchafu udondoke badala ya kuzama. Kisha chukua kijiti cha pamba cha masikio, kichovye kwenye alkoholi, kigandamize ukingoni mwa chupa ili kisilowe sana, na ukipitishe kuzunguka kila batani. Jaribu kwanza kwenye batani usiyoitumia sana, kwa sababu kwenye baadhi ya simu za bei nafuu namba zimechapwa juu tu ya plastiki na zinafutika, na wakala asiyeona tofauti ya 6 na 9 atatuma pesa kwa mtu mwingine.

Tundu la chaji usilitie alkoholi wala pini. Tumia kijiti cha meno cha mbao, simu ikiwa imezimwa, ukivuta manyoya ya mfukoni polepole kutoka pembeni. Acha kila kitu kikauke kabisa ndipo urudishe betri, na usichomeke chaja kabla ya hapo. Kava la mpira lioshe pembeni kwa sabuni na maji kama kawaida. Kava la ngozi halipendi alkoholi, inalikausha na kulipasua, na kwa kazi yako ningekushauri ulivue kabisa ubaki na la mpira.