Tupeane uzoefu: nini kilikufanya uache kubadilisha databesi kwa mkono?

Wakuu wa kusini, habari za korosho. Nipo Mtwara mjini, natengeneza programu ya kupokelea mizigo kwenye vyama vya msingi. Naanza na aibu yangu.

Msimu ule nilikuwa na seva mbili, moja ya Tandahimba, nyingine ya Masasi. Kolamu ya uzito niliiweka namba kamili, bila desimali. Oktoba haijaisha, mzee mmoja akaja na stakabadhi yake: mizani imesoma 78.4, karatasi inasema 78. "Hiyo nukta nne yangu mmempa nani?" Sikuwa na jibu. Usiku nikaingia seva ya Tandahimba, nikapiga ALTER TABLE (amri ya kubadili muundo wa jedwali) kwa mkono, na kwa kuwa nimeshaingia nikaongeza na kolamu ya daraja la ubora. Masasi nikasema kesho.

Kesho hiyo haikufika. Wiki tatu baadaye natuma toleo jipya, Tandahimba shwari, Masasi programu inatafuta daraja haioni. Magunia yamepanga foleni ghalani, mimi nipo kwenye basi, simu ina asilimia tisa.

Sasa natumia Flyway, programu inayopitisha mabadiliko ya databesi kwa mpangilio wa namba. Kila badiliko lina faili lake, mfano V7__ongeza_daraja.sql, na likishapita linaandikwa kwenye jedwali la flyway_schema_history. Nikiiuliza seva yoyote iko namba ngapi, inanijibu. Ukihariri faili lililokwishapita, hata neno moja, inagundua na kugoma. Unatakiwa uandike faili jipya, V8. Mwanzoni niliona ni usumbufu mtupu.

Haya, leteni vyenu.

Mdau, Lindi mjini
Mkuu pole. Mimi mfumo wangu ni wa ufuta, databesi yangu ni ya aina ya MySQL. Niliweka ALTER tatu kwenye skripti moja, ya pili ikafeli. Nikarekebisha, nikaendesha upya, ikalalamika kolamu ya kwanza ipo tayari! Kumbe MySQL kila ALTER inahifadhiwa papo hapo, hairudi nyuma. Wenzetu wa PostgreSQL, databesi ya aina nyingine, wanafunga zote kwenye muamala (fungu) mmoja, ikifeli moja zinarudi zote. Toka siku hiyo, faili moja badiliko moja.

Mdau, Nachingwea
Yangu nimeijenga kwa Laravel, mfumo wa PHP wenye zana yake ya mabadiliko ya databesi. Nilidhani nipo kwenye kompyuta yangu, kumbe dirisha ni la seva yenyewe. Nikapiga migrate:rollback, amri ya kutengua mabadiliko ya mwisho. Ile sehemu ya kurudisha nyuma nilikuwa nimeandika mwenyewe ifute kolamu ya simu za wakulima, na ikatii. Bekapu ya mwisho ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Aliyeniokoa ni karani, mama mtu mzima, alikuwa anaandika kila namba kwenye daftari la kaunta kwa kuwa, kwa maneno yake, kompyuta yangu haimpi usingizi. Tukaketi naye siku mbili, yeye anasoma mimi naingiza. Siku hizi sirudi nyuma kwenye seva ya kazi, naandika badiliko jipya la kusonga mbele.

Mdau, Newala
Mnajitesa. Mfumo wa mtu mmoja unahitaji namba za nini?

Mwanzisha mada
Kaka, nilikuwa mtu mmoja vilevile. Seva ndiyo zilikuwa mbili.

Mdau, Ruangwa
Mimi naongeza moja. Msibadilishe jina la kolamu kwa mkupuo. Makarani wangu wa vijijini wana programu kwenye simu, mtandao ukikosekana inatunza mizigo na kutuma baadaye. Nilibadili "kilo" ikawa "uzito_halisi", jioni simu zikaanza kutuma "kilo" na seva inazikataa. Sasa naongeza kolamu mpya, nanakili data, programu inaandika zote mbili, ya zamani naifuta msimu ukiisha na simu zote zina toleo jipya.

Mdau, Newala
Hiyo ya simu imenigusa. Ninazo kumi na moja huko vijijini. Skripti ya kwanza inaanza na nini kama databesi ina data tayari?

Mwanzisha mada
Flyway ina amri ya baseline. Inaweka alama kwamba databesi ilivyo leo ndiyo namba 1, unaendelea na V2. Ila chukua bekapu kwanza, na uijaribu kuirudisha.