Benz ya mzee na harusi ya Ndola: nivuke nayo mpaka wa Kasumbalesa ao niiache nyumbani?

Mwana_Katuba

Bayaya na bamama wote, jambo. Niko na swali, naomba munijibu kama vile mungejibu muloko (mudogo) wenu, musinifurahishe bure.

Mzee wetu alituachia Mercedes 240D, ile W123, ya mwaka 1982, rangi ya maziwa, vola (usukani) kushoto. Alikuwa anatumika Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, na ile gari njo kitu ya kwanza kubwa alinunua na jasho yake. Sasa ni miaka 6 hayuko. Tangu hapo gari iko kwangu hapa Katuba, Lubumbashi, siiendeshe sana, siku ya Mungu kanisani, na kama kuko kilio ao ndoa ya jamaa, basi. Asubui unageuza ufunguo kidogo, unangoja kale kataa (taa ndogo) kazimike, njo unaipiga, na jirani wote banajua leo Benz inatoka.

Sasa dada yetu mudogo anaolewa Ndola, kule Zambia, bwana ni wa kule kule. Jamaa yote inasema bibi harusi lazima ashuke mu gari ya baba yake, wajomba bamesha hata kugawana viti, nani atakaa mbele nani nyuma, na mimi njo shofele bila mutu kuniuliza. Shida ni hii: Kasumbalesa naijua vizuri, lakini kwa miguu na kwa bisi, sijavusha gari pale hata siku moja. Karatasi gani zinaombwa? Na kule wanaendesha kushoto, na vola yangu nayo iko kushoto, inakuwaje?

Ingine, niseme tu ukweli, gari iko na kaugonjwa. Siku zingine unatoa ufunguo na moteri haizimike. Uko na ufunguo mu mukono, gari inaendelea tu kunguruma. Inaomba ushuke, ufungue kapo (boneti), usukume kale kamukono wameandika STOP, njo inakufa. Hapa mutaani tunacheka. Lakini nikifikiri mutu wa duane (forodha) ananiambia "zima gari" na mimi namuonyesha ufunguo na gari bado inasema, sijue atanielewa.

Shofele_wa_Tunduma

Ndugu yangu pole na hongera ya harusi. Mimi napiga njia ya Dar miaka mingi sasa, Kasumbalesa, Chingola, Kapiri, Nakonde mpaka Tunduma, kwa hiyo nakuambia nachokijua. Lori na gari ndogo si sheria moja kila mahali lakini mambo makubwa yanafanana.

Kwanza asiransi (bima). Ile ya hapa nyumbani haivuki mpaka. Unatafuta karti joni (kadi ya njano) ya COMESA, ule umoja wa biashara wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, unaichukua juu ya asiransi yako ya kawaida, na Zambia wanaikubali kwa sababu wote tuko ndani ya COMESA. Usichanganye na karti joni ya sindano ya homa ya manjano, maana zote watu wanaita karti joni, nimeona baba mmoja pale dirishani anabishana nusu saa anaonyesha kitabu cha chanjo wakati wanamuomba asiransi. Beba zote mbili, yaishe.

Lakini usikilize vizuri hapa. Hiyo karti ya COMESA inalipa yule utakayemgonga. Ukimvunjia mtu gari au mguu, iko pale. Benz yako ikiharibika, hiyo karti haikuhusu. Gari ya mzee unaivusha ikiwa uchi, kama huna asiransi ingine inayoifunika yenyewe.

Pili, upande wetu, kabla hujavuka, omba duane wakuandikie kwamba gari inatoka kwa muda na itarudi, na namba ya shasi iandikwe. Bila hiyo, siku ya kurudi unaweza kujikuta unaeleza gari yako mwenyewe kama vile umeinunua jana. Tatu, upande wa Zambia watakupa kibali cha kuingiza gari kwa muda, kina tarehe ya mwisho, na utalipa ushuru wao wa moshi kufuatana na ukubwa wa moteri, na tozo za barabara, na kidogo cha halmashauri. Kila kitu kina risiti. Kila risiti weka kwenye bahasha moja, usiache juu ya dashibodi jua likaifuta maandishi.

Na hii ndiyo ninayotaka uilalie usiku. Kile kibali maana yake gari imeingia na LAZIMA itoke. Ikifia Ndola, huwezi kuiacha kwa shemeji ukapanda bisi ukarudi. Tarehe ikipita gari iko ndani bila kulipiwa, wanakuhesabia kama uliingiza gari kwa magendo. Utaivuta na kamba, utaipakia kwenye lori, lakini itarudi. Gari ya 1982 si mbaya, mimi naziheshimu hizo, ila usijiulize tu kama itafika. Jiulize kama itarudi.

Halafu swali dogo: karti rozi (kadi ya gari) iko kwa jina la nani?

Mwana_Katuba

Yaya asante sana. Karti rozi iko kwa jina ya mzee. Hatujabadilisha. Ni mbaya?

Mama_Kampemba

Mwanangu hapo kwa karti rozi ngoja wengine wakujibu, mi nataka nikuambie ya vola.

Sisi tulienda Kitwe na bwana yangu na gari ya vola kushoto, harusi vilevile. Mpaka Kasumbalesa muko sawa, munaendesha kuume kama kawaida, unapita pale, na ghafla kila mtu yuko ng'ambo ingine. Si mbaya, ukifuata gari ya mbele unazoea. Shida inaanza ukikuta lori. Na ile njia ni malori tu, ya shaba, ya kiberiti, ya asidi, moja nyuma ya ingine. Ukitaka kulipita, wewe shofele uko upande wa majani, huoni kitu, unaona tu mgongo wa lori na matope yake. Sasa nani anaona? Ni mwenye kukaa pembeni yako. Kwa hiyo kutoka Chililabombwe mpaka Kitwe mimi njo nilikuwa macho ya bwana yangu, "toka! toka! apana, rudi, RUDI!" mpaka nilifika nimekauka sauti, siku ya harusi nikaimba kwa midomo tu. Na tuligombana. Hatujawahi kugombana vile.

Kulipa peaji (tozo ya njia) vilevile, dirisha la kulipia liko upande wa mwenzako, kwa hiyo mwenye kukaa pale akamate kwacha mkononi. Usimuweke mjomba mwenye kulala.

Na usiku usitembee. Taa za gari zetu zimetengenezwa zimulike chini kuume, pembeni ya njia. Kule kuume njo kuko wenye wanakuja, kwa hiyo unawachoma macho, nao wanakurudishia. Bwana yangu aliweka kipande cha skochi (utepe wa gundi) nyeusi juu ya kioo cha taa, ikasaidia kidogo. Ni bora ufike mbele ya mangaribi.

Kijana_Lushois

Grand enda tuuu. Gari iko ya kutembea, haiko ya kuweka mu friji. Mzee mwenyewe kama angekuwa hapa angeivusha. Ndola si mwezini, ni kama kilometa 240 hivi kutoka Lubumbashi, asubui uko hapa mchana unakula nshima na shemeji. 240D ni tanki, haiharibikake. Harusi ni siku moja.

Papa_wa_Ruashi

Kijana, "haiharibikake" inasemwa na mtu mwenye hajawahi kulala chini ya gari. Mimi nimetengeneza hizi W123 tangu zikiwa mpya, na bado niko nazo mbili uani, moja inakula nyingine.

Muloko wangu wa Katuba, ile moteri yako kukataa kuzimika siyo uzee na siyo uchawi. Kwenye dizeli ya Mercedes ya ile miaka, ufunguo haukati umeme wa kuzimisha, unafungua upepo. Kuna pampu mbele ya moteri inayovuta hewa, na kuna vidurite (mipira ya kupitisha hewa) vidogo vya plastiki na kauchu, vyembamba kama mrija wa soda, vinapita mpaka kwenye pampu ya mazuti (dizeli). Kimoja kikipasuka, nguvu ya kuvuta inapotea na moteri haisikii ufunguo. Angalia kitu hiki: ukifunga mlango wa shofele kwa ufunguo, milango mingine inajifunga pamoja, ao inachelewa, ao haifungi? Kama inachelewa, jua ni ugonjwa uleule, maana milango nayo inatumia hewa ileile. Na ile pampu njo inakusaidia pia kukanyaga fere (breki). Unanielewa? Wewe unacheka na kamukono ka STOP, wakati ile gari inakuambia fere siku moja itakuwa nzito. Ukiwa nyuma ya lori la shaba. Na bibi harusi nyuma.

Itengeneze kabla ya kwenda hata sokoni. Ni kadurite tu. Anza na kale kanakoingia karibu na neima (kitasa) ya ufunguo, chini ya vola, watu wanakasahau.

Kitu kingine, kioo cha mbele. Jiwe moja la lori na parebrizi imekwenda, na ya W123 huikuti kwenye duka lolote la njiani.

Halafu namba ya shasi. 240D yote iko na 123123 ndani ya namba, ni aina ya gari. Mimi nilikuwa na mteja alipita mpaka mmoja, sitasema wapi, mtu wa karatasi akaona 123123 akafikiri wanamchezea, akaandika 123 mara moja. Kurudi, karatasi na gari vikawa havifanani, akakaa pale siku mbili analala ndani ya gari. Usiondoke dirishani bila kusoma namba moja moja na kidole.

Shofele_wa_Tunduma

Asante papa kwa hiyo ya namba, nimeiweka kichwani.

Ndugu, karti rozi kwa jina la marehemu ndiyo itakayokurudisha, si moteri. Pale mpakani swali la kwanza ni gari ni ya nani. Kama si yako, unaonyesha barua ya mwenyewe, imepita kwa notere (mthibitishaji wa hati), kwamba amekuruhusu kuitoa nchini. Sasa mwenyewe yuko makaburini, nani atasaini? Ni warithi wote. Muko watoto wangapi?

Mwana_Katuba

Tuko saba. Mmoja yuko Kinshasa, mmoja Afrika ya Kusini, na mmoja hatusemezane tangu matanga, juu ya hii hii gari.

Shofele_wa_Tunduma

Basi umejijibu.

Kijana_Lushois

Grand si unaongea nao tu pale mpakani bana, mambo ya kiCongo

Mama_Kampemba

Wee, usimufundishe vile. Pesa ya "kuongea" unaitoa upande mmoja, unafika wa pili gari inashukiwa ya wizi kwa sababu jina si lako, na bibi harusi anaingia kanisani saa kumi na mbili jioni. Nani ataeleza jamaa ya bwana?

Mwana_Katuba

Narudi niwaambie vile tulimaliza.

Jana jamaa ilikaa. Nikasoma ile ya warithi, wajomba bakanyamaza, mmoja akasema tutengeneze tu karatasi na tarehe ya zamani, mama akamuangalia, akaacha. Banabishana saa mbili nzima. Dada alikuwa mu jikoni. Akatoka na mukono ya unga akauliza tunasema nini, tukamueleza, akasema: "Mimi? Na robe (gauni) nyeupe mu gari ya mazuti? Nilisema lini?" Hakuna hata mmoja alikuwa amemuuliza, wiki tatu hizi. Yeye anaomba tu kitu kimoja, tumutoe nayo hapa nyumbani kwa baba mpaka Kasumbalesa, na nguo ya kawaida, shemeji atamupokea ngambo na gari yake.

Kwa hiyo Benz itafanya zile kilometa 90 hivi, na kurudi, upande wetu, vola upande wake. Mjomba wa kulala atakaa nyuma.

Papa wa Ruashi, nilikaa chini ya vola na tochi kama vile ulisema. Kadurite kalikuwa kamepasuka pale pale, kama kidole cha mtoto kamelowa maji. Nimekata ile sehemu mbaya nikaiungisha na kauchu kapya. Sasa natoa ufunguo na inazimika mara moja, na nakaa tu mule ndani kidogo, juu sijazoea ile kimya. Milango ya nyuma bado inachelewa kujifunga. Naweza kuja Ruashi siku ya posho (Jumamosi)?

Papa_wa_Ruashi

Kuja asubui. Beba kauchu mita mbili.