Glezi ya majivu (mipako ya kioo ya vyombo vya udongo) imebaki unga, niongeze moto?

Wakuu, nimechanganya sehemu 50 za majivu ya kuni na sehemu 50 za unga wa granaiti ya mawe ya hapa Mwanza, nikachoma hadi nyuzi 1050 kwenye tanuri la umeme. Glezi inakwaruzika kwa ukucha. Udongo ni mwekundu wa bondeni.

— Usiongeze, mkuu. Mchanganyiko huo unataka 1250 hivi, na udongo mwekundu wenye chuma ukipita 1150 huvimba na kulegea. Utakuta bakuli zimelala kwenye rafu. Tumia friti (kioo kilichoyeyushwa kikasagwa) yenye boroni, inayoyeyuka kwa moto mdogo: friti 80, kaolini (udongo mweupe) 10, majivu 10. Jaribu kwenye vigae vidogo kwanza, tena vilivyosimama wima, uone inatiririka kiasi gani.

— Majivu uliyaosha? Loweka, mwaga maji ya juu, rudia mara 2 au 3. Vaa glavu, magadi yake hubabua. Barakoa pia unaposaga granaiti, vumbi lake linaua mapafu.

— Hayajaoshwa, kumbe. Glezi ya friti ikitoa nyufa ndogondogo je?

— Ongeza silika (unga wa kwazi) 5, kisha 10. Na usifungue tanuri likiwa juu ya 100, hata kuchungulia.